Ukihamia Ploti Nakuru, Anza na Mita Kabla ya Urafiki

Ukihamia ploti yoyote Nakuru, iwe Kaptembwo, Rhonda, Kiti au Free Area, watu watakushauri uanze kwa kuzoeana na majirani. Wasalimie, waalike chai, wajue watoto wao kwa majina. Mimi nasema anza na mita ya stima. Uliza nani hununua tokeni, kila chumba hutoa ngapi, na nani ananung'unikiwa kwamba anatumia kuliko wenzake. Ukishajua hayo, sasa teleka chai.

Sisemi hivi kwa roho mbaya. Mimi ni fundi wa nguo, nimepanga vyumba vya ploti tangu nilipotoka Kakamega nikiwa msichana, na ugomvi mwingi niliouona kati ya watu wa mlango kwa mlango haukuanza kwa chuki. Ulianza kwa kitu cha pamoja ambacho hakuna aliyekiwekea utaratibu: mita, bomba, choo, kamba ya nguo, geti. Watu wanaingia wakiwa marafiki wa kupakuliana githeri, halafu Jumamosi moja usiku stima inaisha, kila mmoja anaapa alitoa pesa yake, na kuanzia hapo salamu inakuwa ya kutikisa kichwa. Rafiki unamchagua, na ukimchoka mnaachana. Jirani wa ploti umemkuta pale pale, na choo mnatumia kimoja.

Namna ya kuuliza nayo ina adabu yake. Usimuulize keateka, yule msimamizi wa ploti, peke yake, maana atakujibu upande wa mwenye ploti. Mtafute mpangaji aliyekaa kuliko wote. Kila ploti ina mmoja, aghalabu mama wa chumba cha karibu na geti, aliyewaona wengine wote wakiingia na kutoka. Nenda jioni akiwa anachambua sukuma, usiende mikono mitupu, na umwambie, "Mama, mimi ndiye mgeni wa Namba Nane. Nimekuja unielekeze mambo ya hapa." Atakuelekeza mpaka ushangae. Utajua zamu za choo, utajua maji hutoka siku gani, na utajua pia, bila kuuliza, ni nani hapatani na nani. Hayo ya mwisho yasikie, kisha yaache hapo hapo mlangoni.

Sasa turudi kwenye mita. Ploti yetu ina vyumba kumi na viwili, sita upande huu na sita upande ule, ua wa saruji katikati, na mita moja ukutani karibu na choo. Mwenye nyumba anaishi mbali, keateka huja kuchukua kodi na kuzibua mtaro. Stima ni juu yetu wenyewe. Kuna jambo hapa ambalo wapangaji wengi hawaambiwi. Tangu Aprili 2023 bei ya stima ya nyumbani iko kwa ngazi tatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi hulipa bei nafuu zaidi, wa 31 hadi 100 hulipa zaidi kidogo, na wanaopita 100 hulipa bei ya juu. Piga hesabu mwenyewe. Chumba kikitumia yuniti 20 kwa mwezi, kingekuwa na mita yake kingelipa bei ya chini kabisa. Lakini vyumba kumi na viwili vya namna hiyo kwenye mita moja ni yuniti 240, na mita haina habari kama hapo ni wapangaji kumi na wawili au ni jumba la mtu mmoja kule Milimani. Mnawekwa ngazi ya juu. Kwa hiyo kabla hujamshuku Namba Tano kwa sababu amenunua televisheni, jua kwamba mita yenyewe inawatafuna nyote. Mkiweza kumshawishi mwenye ploti aweke mita za kila chumba, hata kwa kuchangia, nusu ya makala hii hamtaihitaji.

Msipoweza, basi jifunzeni kusoma wati. Kila kifaa kina kibandiko. Wati 1,000 zikitumika saa moja ndiyo yuniti moja. Balbu ya LED ya wati 10 itawaka saa 100 kabla ya kumaliza yuniti moja, wakati koili ya kuchemshia maji ya kuoga, ambayo nyingi zina wati 1,000 au zaidi, inaimaliza kwa saa moja au chini ya hapo. Nilipohamia na cherehani yangu ya injini, minong'ono ilianza siku hiyo hiyo. Fundi ameletwa kutumalizia tokeni! Sikubishana na mtu. Niliitoa injini nje, nikamwita Namba Tatu ambaye ni fundi wa pikipiki na anaaminiwa na wote kwa mambo ya mashine, akasoma kibandiko kwa sauti: wati 100. Ni saa kumi za kushona ndipo yuniti moja iishe. Pasi ndiyo ingewaumiza, na ndiyo maana napiga pasi nguo za wateja kwa pasi ya makaa, uani, mbele ya macho ya kila mtu.

Na bado nalipa hisa mbili. Kwa hesabu sidaiwi hisa ya pili. Nailipa kwa sababu shaka ya majirani ni ghali kuliko tofauti ya pesa hizo, na kwa sababu mimi napata riziki kwa hiyo stima na wao wanawasha tu taa. Mwenye kinyozi, mwenye friji ya kuuza maji baridi, mwenye kompyuta ya kuchapishia watu barua, nawashauri hivyo hivyo. Jitolee mwenyewe kabla hujaambiwa. Ukingoja kikao kikuamulie, utalipa zile zile na heshima umepoteza.

Halafu anayenunua tokeni asiseme tu "nimenunua". Ule ujumbe unaoletwa kwenye simu una nambari 20 za tokeni, pesa zilizolipwa na yuniti zilizopatikana. Utumwe kwenye kikundi cha WhatsApp kama ulivyokuja, haujakatwa. Asiye na simu kubwa asomewe. Na kazi hiyo izunguke, miezi mitatu mitatu, hata kama aliyepo ni mwaminifu kama malaika. Hasa akiwa mwaminifu, kwa kweli, maana ndiye mtakayemchosha mpaka aikatae kazi yenyewe.

Maji yana vurugu zake, lakini hapa nitapita haraka. Zamu ya bomba iende kwa vyumba, isiende kwa mitungi, la sivyo mwenye mitungi kumi atapanga foleni peke yake huku mwenye mtoto mchanga akisubiri. Kwa wageni wa Nakuru kuna jambo moja la kujua mapema: maji ya visima vingi vya upande huu yana madini ya floridi kwa wingi, na ndiyo yanayowafanya watoto waote meno ya kahawia. Kuyachemsha hakuondoi floridi, kwani maji yanapungua na madini yanabaki pale pale. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Ndiyo maana mvua za Machi hadi Mei zikianza, mfereji wa paa unagombaniwa kuliko kiti cha mbele cha matatu. Sisi tulikubaliana pipa la kwanza linalojaa ni la wenye watoto wadogo, ya kunywa na kupikia uji, halafu wengine wajipange. Jirani akikuletea mtungi wa maji ya mvua Nakuru, ujue amekupa kitu.

Na vumbi! Yeyote aliyeishi Kaptembwo mwezi wa Januari na Februari anajua ninachosema. Upepo ukianza mchana, shuka nyeupe ulizoanika saa tatu asubuhi unazianua zina rangi ya chai ya maziwa. Hilo ni la Mungu, halina kesi. Lenye kesi ni mtu anayefagia ua wakati nguo za wenzake ziko kwenye kamba. Dawa yake ni ndogo: nyunyiza maji kabla ya kufagia, au fagia kabla ya saa moja. Mimi humwambia mgeni siku ya kwanza, kwa mdomo wangu, nikiwa natabasamu, badala ya kungoja akosee kisha nimwimbie kwa mafumbo. Mafumbo ndiyo yanayoharibu ploti. Mtu ananunua leso yenye maneno, anaianika mbele ya mlango wako, na wewe unakaa wiki nzima ukitafsiri. Kama una neno, gonga mlango ulisema. Gonga jioni watu wakishakula. Asubuhi mtu anakimbilia kazi, atakujibu kwa haraka na jibu la haraka halina adabu.

Kuhusu kelele, ielewe nyumba yenyewe kwanza. Vyumba vingi vya ploti havina dari. Ukuta unaishia juu kidogo ya mlango, kisha kuna nafasi, kisha mabati. Kikohozi cha Namba Nne kinasikika Namba Sita. Ukiishi hapo lazima ujifunze kusikia bila kusikia. Mtu akigombana na mkewe juu ya karo, wewe hukusikia. Akiomba mkopo kwa simu akinyimwa, hukusikia. Kesho yake msalimie kama kawaida na usimwangalie kwa huruma, maana huruma hiyo itamwambia ulisikia.

Wufa, yale maspika makubwa ya muziki, ni kitu kingine. Kuna kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele, za mwaka 2009, na mtu anaweza kulalamika kwa wenye mamlaka ya mazingira au kwa polisi. Zijue zipo, lakini zisiwe hatua ya kwanza. Kijana wa Namba Kumi alikuwa anafungulia muziki Jumapili alfajiri akitoka kazi ya usiku. Kwake ni jioni, kwetu ni alfajiri. Nilimwendea mchana, akiwa ameamka na amekula, nikamuuliza zamu zake zikoje. Tulipomaliza kuongea alijua kwamba mama wa chumba cha jirani yake hulea mjukuu mwenye pumu asiyelala vizuri, nami nikajua kwamba mlio wa cherehani yangu saa nne asubuhi humkatia usingizi. Sasa asubuhi nakata vitambaa na kushona kwa mkono, injini naiwasha kuanzia mchana hadi saa tatu usiku. Yeye amenunua spika za masikio. Haikuhitaji chifu.

Lakini kuna kusikia ambako huruhusiwi kunyamaza. Ukisikia kipigo, gonga. Usiende peke yako, tafuteni wawili, na si lazima mwingie kwa ushujaa. Sisi hugonga na kuomba kiberiti. Mtu aliyeinua mkono lazima aushushe afungue mlango, na yule anayepigwa anaona kuna watu nje. Wakati mwingine hiyo dakika moja inatosha mama kutoka na watoto. Ikiendelea, kuna nambari ya bure 1195 kwa wanaodhulumiwa majumbani, na 116 kwa mambo ya watoto. Zimeandikwa kwa kalamu ya wino mlangoni pa bafu letu, kwa ndani, mahali ambapo mtu huwa peke yake akisoma. Aliyetoa wazo hilo ni mama wa Namba Moja, na sijaona lingine la maana kuliko hilo tangu nianze kuishi kwenye ploti.

Jambo la pili ambalo hatunyamazii ni jiko la makaa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi ya usiku inauma. Mtu amemaliza kupika, makaa bado ni mekundu, anaona hasara kuyaacha nje. Anaingiza jiko ndani na kufunga dirisha. Ile hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inakulaza na huamki. Kanuni yetu ni kwamba majiko yote hulala uani chini ya kibaraza. Anayekwenda choo mwisho usiku akiona jiko limepungua, anagonga milango mpaka lionekane. Wageni huona tunaingilia maisha yao. Waone hivyo.

Kukopeshana sasa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na walikuwa wanaishi kwenye nyumba zenye nafasi kuliko zetu. Mimi nina mafungu yangu. Chumvi, kitunguu, sukari ya kikombe kimoja, moto wa kuwashia jiko, hivyo natoa na kusahau, na nikiishiwa naomba bila aibu. Pesa natoa kiasi ambacho nisiporudishiwa bado nitamsalimia mtu kwa moyo mweupe, na kama sina kiasi hicho nasema sina. Vitu vya kazi siazimi hata kwa dada yangu wa tumbo moja. Makasi ya kitambaa yakikata karatasi ya mtoto wa shule mara moja tu, makali yamekwenda. Mtungi wa gesi pia siazimi, usiniulize kwa nini. Ila usikatae kwa kufunga mlango. Sema, "Hiyo siiazimi, lakini chukua hii." Nina makasi ya pili, mabovu kidogo, kazi yake ni hiyo hiyo ya kuazimwa.

Watoto: usimpige mtoto wa mwenzako, na usimsimulie mama yake makosa ya mtoto mbele ya watu bombani. Mwite kando. Basi.

Msiba ndipo ploti inapopimwa. Nakuru ni mji wa watu waliotoka kwingine, kwa hiyo mtu akifiwa, mwili mara nyingi unasafiri: Siaya, Vihiga, Kisii, Bomet, Nyandarua. Kuna mochari, kuna jeneza, kuna gari, kuna chakula cha wanaokesha. Jioni mabenchi yanaletwa kutoka kanisani, ua unajaa, chai inapikwa kwa sufuria kubwa na hesabu inaanza. Nimekaa kwenye kamati hizi mara nyingi kuliko nilivyokaa kwenye harusi, na nina mambo kadhaa ninayoyashikilia.

Mweka hazina asiwe jamaa wa marehemu, na asiwe yule anayeshika pesa za tokeni mwezi huo. Pesa zikipita kwenye M-Pesa moja, baada ya mazishi hakuna atakayejua zipi ni za stima na zipi ni za jeneza, na mtu mwaminifu atachafuka bure. Kuwe na daftari. Jina la aliyetoa liandikwe, lakini usiruhusu orodha ya majina na viwango itumwe kwenye kikundi kila jioni. Najua ndivyo wengi wanavyofanya, na najua inaharakisha michango. Pia inamwaibisha mama anayeuza mandazi aliyetoa shilingi mia moja kwa moyo wote, jina lake likakaa chini ya mtu aliyetoa elfu tano. Mwezi ujao mama huyo atajificha. Tuma jumla peke yake, daftari libaki mezani kwa anayetaka kulikagua.

Asiye na pesa apewe kazi na kazi iandikwe daftarini kama mchango. Nani atalala kwenye chumba cha waliofiwa wakisafiri, maana wezi husoma matangazo ya vifo kama sisi. Nani atawaamsha watoto waliobaki waende shule. Nani atawatekea maji. Nani atamjulisha mwenye ploti kwamba kodi ya chumba hicho itachelewa, na aende na mtu wa pili, maana kuna wenye nyumba ambao mbele ya shahidi huwa na utu zaidi. Na mjane akirudi, wiki ya kwanza mlango wake utagongwa na kila mtu. Mwezi wa pili hakuna anayegonga. Chagua mwezi wa pili.

Nimefika kwenye siasa, na hapa nitasema polepole. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwezi Januari 2008 mji huu uliwaka. Watu walifukuzana mtaa kwa mtaa kwa sababu ya kabila, maelfu wakaishia kwenye mahema uwanja wa maonyesho na uwanja wa Afraha. Mimi sikuwa Nakuru. Mama wa Namba Moja alikuwapo, kwenye ploti nyingine hapa hapa Kaptembwo, na husimulia mara chache na kwa ufupi. Anasema ploti yao ilikuwa na zamu ya ufunguo wa geti: kila wiki chumba kimoja kinafunga usiku na kufungua asubuhi. Vijana walipokuja usiku kuulizia watu wa kabila fulani, ufunguo ulikuwa kwa mzee wa kabila la vijana wale. Aliwajibu kupitia tundu la geti kwamba ufunguo uko kwake na hafungui, kwa sababu zamu yake ni ya kufunga. Hakutoa hotuba. Walipiga mawe mabati, wakaondoka. Nimemuuliza mama huyo kama mzee alikuwa rafiki yao sana. Akanijibu hapana, alikuwa mtu mkavu, na hata walikuwa wamewahi kukosana naye juu ya choo.

Uchaguzi mwingine ni tarehe 10 Agosti 2027. Kwenye ploti yetu tumeanza kujiandaa mapema, na si kwa maombi peke yake. Geti na kuta za nje hazibandikwi picha ya mgombea yeyote, hata yule ambaye sote tungempigia kura. Anayetaka kubandika abandike mlangoni pake kwa ndani. Kikundi cha WhatsApp ni cha tokeni, maji na misiba. Video za siasa zikitumwa, msimamizi anazifuta bila kueleza, na msimamizi naye ni wa kupokezana. Tangu 2008 kuna sheria ya utangamano inayofanya uchochezi wa kikabila kuwa kosa la jinai, na mtu anapaswa kukumbuka hilo kabla ya kusambaza sauti aliyotumiwa na binamu yake. Na msizungumze lugha ya nyumbani bombani wakati wa kampeni. Nimeandika sentensi hiyo nikijua itawaudhi wengine, na mimi mwenyewe Kiluhya changu nakipenda. Lakini watu watatu wakicheka kwa lugha ambayo wa nne haielewi, wiki ile ya kuhesabu kura, wa nne atadhani anachekwa yeye. Kiswahili kitatutosha kwa mwezi mmoja.

Mtaniuliza Nyumba Kumi inaingia wapi. Ule mpango ulianzishwa 2013, kila nyumba kumi zijuane na kuwa na mtu wa kupeleka habari kwa wazee na kwa chifu. Kwetu umefanya kazi vizuri kwa wizi wa nguo na mitungi, vibaya kwa ugomvi wa ndani, kwa sababu mjumbe naye ni mpangaji na ana upande. Ugomvi ukishindikana kati yenu, mpelekeeni mzee wa mtaa anayeishi ploti nyingine kabisa. Kwa chifu nendeni mkiwa na daftari lenu. Nimeona kesi ya stima ikiisha kwa dakika chache kwa sababu upande mmoja ulikuwa na jumbe za tokeni za miezi mingi na upande mwingine ulikuwa na hasira tu.

Siku ya kuhama ikifika, hama mchana. Anayehama usiku, hata kama hadaiwi chochote, ataachiwa jina la mdaiwa, na Nakuru ni ndogo, utakutana na jina hilo ukitafuta chumba upande wa pili wa mji. Lipa hisa yako ya stima hadi siku ile, toka kwenye kikundi baada ya kuaga na si kabla, na anayechukua chumba chako mpeleke kwa mama wa Namba Moja. Tangaza safari yako siku chache mapema. Utaona sufuria zitakavyorudi, na kamba, na lile beseni ulilokuwa umeshanunua lingine mahali pake.